Simu Iliyocheka Matangani

Jericho, Nairobi
Jumamosi, 24 Februari 2024

Mama Vivian, dada yangu,

Sasa pale ulinikatia simu nilikuwa nimefika kwa kioo. Nilikuwa nakuambia hiyo kioo si ya hiyo simu, ni kioo ya simu ingine imelazimishwa kukaa hapo kama bibi wa pili, na nilikuwa karibu kufika penye utamu uko, ndio nikasikia tu-tu-tu. Nikapiga tena, mteja hapatikani. Nikapiga na ya Mitchelle, ukasikia ni mimi, tu-tu-tu. Halafu ndugu yetu Patrobas anarudi na basi yake kutoka huko nyumbani, ananiambia ati umesema nikiwa na neno niandike na mkono yangu, kwa sababu mkono yangu unaujua, lakini simu yangu hujui ni nani huandika ndani. Haya. Nimenunua biro na kitabu ya hesabu ya watoto. Niko kwa kibanda, samaki iko kwa mafuta, naandika. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa darasa la nne, na ilikuwa ya kuambia mwalimu ati naumwa na tumbo. Hata hiyo hakuamini.

Salamu kwanza. Hamjambo huko Malava? Vivian anaendelea aje na kazi? Ile ng'ombe ya kupiga watu teke mliuza ama bado mnaiogopa? Sisi hapa wazima. Hii nyumba mliniachia wewe na shemeji Luseno akistaafu kazi ya kanjo, ile baraza ya jiji, bado imesimama, ni bomba tu inakohoa. Mitchelle wangu amepata kazi ya saluni huko mtaa wa Tena, anasuka watu nywele na anawasuka na maneno pia, sijui hiyo tabia alitoa wapi. Fadumo wa kuuza nguo, yule kibanda yake imeguzana na yangu, anakupa pole. Mwenyekiti wa chama yetu naye amenunua simu ya bei ya pikipiki, na ile mabati yake bado inavuja. Mvua ikikuja anafunika simu na mwavuli, watoto wanalowa. Mimi sijasema kitu. Nimeambia tu Fadumo, na mama wa mboga, na choir.

Sasa turudi kwa kioo.

Hiyo simu nilinunua kwa Ngui, fundi wa hapa sokoni. Imeandikwa Zuri Max mgongoni. Ngui aliniambia ni kama mpya. Dada, kitu ikiwa mpya hakuna mtu husema ni kama mpya. Siku ya kwanza ilikuwa na adabu. Siku ya pili nikaiweka kwa chaji na ikaanza kujifinya yenyewe. Unaiona tu iko hapo juu ya debe la unga, hakuna mtu amegusa, inafungua kamera, inafunga, inaingia WhatsApp, inapigia mtu. Ilipigia pasta saa ya chakula, ikampigia tena saa ya kulala. Pasta akaja kuniombea.

Basi ile asubuhi ya Januari ilikuwa kwa chaji. Mimi nilikuwa na mteja. Sikuwa najua kitu, nakuapia kwa kaburi ya mama. Patrobas ameandika kwa grupu ya familia ati Luseno ametutoka. Watu wanaweka mikono ya maombi, wanaweka mishumaa. Na hiyo shetani juu ya debe ikaweka kichwa ya njano ya kucheka na machozi. Halafu ikaweka zingine tatu. Halafu ikaweka yule mtoto wa kucheza densi. Na kama hiyo haikutosha, ikajifinya pale kwa sauti, ikanirekodi, ikatuma.

Ile sauti mlisikia nyote huko, na mama mkwe wako akasikia, nilikuwa nasema, "Huyu amekufa leo asubuhi, hata macho bado iko wazi. Mguse tumbo. Nikukatie kichwa ama unabeba mzima?"

Dada, nilikuwa nauza samaki!

Mitchelle ndiye alikuja mbio kutoka nyumbani, "Mama, umefanya nini kwa grupu?" Hapo ndio nilijua shemeji hayuko. Nilijua Luseno amekufa baada ya kumcheka. Nani mwingine amewahi kufanyiwa hivyo na kitu amenunua?

Mazishi sikuweza kufika, mgongo ilinishika. Patrobas alisema pia afadhali nisikanyage kwa sasa. Lakini nataka tuongee, wewe na mimi, tuko wawili tu wasichana wa mama yetu. Nifungulie laini.

Ni mimi mdogo wako,
Perez


Malava
Jumapili, 17 Machi 2024

Perez,

Salamu nimezipokea. Sisi tuko. Vivian yuko kazini Webuye. Ng'ombe hatujauza. Mvua bado. Barua yako ilifika ikinuka samaki, na paka amelala juu yake siku nzima, ndiyo nikachelewa kuisoma.

Hukuuliza habari ya pressure yangu. Iko.

Umeandika kurasa sita juu ya kioo. Hukuandika hata mstari mmoja juu ya Krismasi. Wacha nikukumbushe, labda hiyo pia ilifanywa na simu. Ulisimama mlangoni mwa jikoni yangu, paja la kuku mkononi, ukamwambia mume wangu mbele ya mama yake, "Wewe Luseno, ukikufa mimi nitacheka mpaka jino la mwisho lionekane."

Mwezi haukuisha. Akafa. Ukacheka.

Nikubali ilikuwa simu. Simu yako ilijuaje?

Annah


Jericho
Jumanne, 2 Aprili 2024

Mama Vivian dada,

Pole sana na pressure, ni vile kichwa yangu ilikuwa imejaa. Kunywa maji ya ndimu na usile chumvi ya juu. Fadumo anasema kitunguu saumu, lakini Fadumo husema kitunguu saumu kwa kila kitu, hata kwa mwenye nyumba.

Tumesherehekea Pasaka vizuri. Choir ilivaa sare mpya, na sare ya soloist haikufunga nyuma, akaimba akiwa ameegemea ukuta wimbo wote. Watu wakasema ameguswa na Roho. Ameguswa na zipu.

Hiyo ya Krismasi tutafika. Usinisukume. Kwanza nataka uelewe mimi na simu tumetoka mbali, na hakuna hata moja imewahi kuniheshimu.

Unakumbuka ile ya antena? Ile ya Kichina, ya laini tatu, spika nne, na antena ya kuvuta uone televisheni. Hiyo nilikuwa najivunia mpaka nikaacha kusalimia watu. Ilikuwa inalia kama gari ya kuzima moto. Siku moja ililia kanisani wakati wa kunyamaza, na ile mlio ilikuwa mtu wa Kihindi anaimba, na nikashindwa kuizima kwa sababu vifinyio ilikuwa na maandishi ya Kichina. Nikaikalia. Ikaendelea kuimba chini yangu. Watu wakageuka wakaangalia mahali sauti inatoka. Hiyo ilikufa ikiwa imefura betri kama mandazi, mpaka mgongo ikafunguka.

Halafu nikapata ya kuguza, ya kwanza. Kidogo, nyeupe. Tumbo yake ilikuwa ndogo kuliko ya ndege. Ukipiga picha tano inasema nafasi imejaa. Ukitaka WhatsApp unatoa Facebook, ukitaka Facebook unatoa watu. Kila mwezi nilikuwa nakaa chini naamua ni ndugu gani nitafuta. Ulikuwa unaniuliza mbona sina picha ya arusi ya binamu yetu. Nilikuwa nayo! Ilibidi nichague kati yake na redio ya injili.

Ile ya tatu usiambie mtu. Nilinunua kwa kijana pale kituo ya basi, alikuwa na haraka, anasema mama yake yuko hospitali. Ikanipendeza, nyembamba, imeng'aa. Nikafika nayo nyumbani nikaonyesha Mitchelle. Imeandikwa saa nne asubuhi. Jioni nikaangalia, saa nne asubuhi. Kesho yake, saa nne asubuhi. Nilidhani imeganda, nikaipasha jua. Kumbe ni ile ya kuwekwa dirishani ya duka watu waangalie. Ndani hakuna kitu, ni plastiki na karatasi yenye imechorwa saa. Nilikuwa nimeibeba siku mbili, nimeshaambia watu watatu wanipigie.

Kwa hivyo ukiniuliza simu ilijuaje, mimi nakuuliza, kwani iko siku imewahi kujua kitu?

Sasa Krismasi. Ni kweli nilisema. Lakini Mama Vivian, wewe ni mtu wa kanisa, sema yote. Mimi na Luseno tulikuwa tunatukanana tangu alete mahari yako, ni shemeji yangu, nani mwingine nitamtukana? Alikuwa ananiita Redio Jericho mbele ya wageni. Siku hiyo alikuwa ameanza yeye, alisema kuku wakiniona wanajifunga mdomo wasisikike. Na baada ya mimi kusema nitacheka, yeye alijibu. Mbona hukuandika alijibu nini?

Mgongo bado inanisumbua. Ni hiyo ilinifanya nikose mazishi, nilikuambia.

Perez


Malava
Jumapili, 5 Mei 2024

Perez,

Barua yako ya Aprili imefika Mei. Patrobas aliiacha kwa koti, koti likaenda kufuliwa. Ukurasa mmoja umeyeyuka, ule wa Fadumo.

Mvua imekuja sasa, imekuja yote. Tunasikia huko kwenu watu wamebebwa na maji. Natumai hamjambo.

Juu ya mgongo. Siku ya kumzika Luseno kulikuwa na mtu kwa miwa ya jirani Wasike, kando ya ua wetu. Mtu huyo alikuwa amejificha akiwa amejifunga leso ya njano yenye kuku wekundu. Leso hiyo niliinunua mimi Kakamega. Kila mara pasta akisema tuombe, miwa ilitikisika.

Na ile sahani ya wali na nyama iliyoletwa huko na mtoto, na soda juu. Ulifikiri nani aliituma? Sahani haijarudi.

Annah


Jericho
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mama Vivian,

Heh.

Wacha kwanza nikusalimie ndio nipate pa kuweka uso. Hamjambo? Sisi tulikuwa samaki wiki mbili, maji iliingia mpaka kwa kibanda, Fadumo akaanika sketi kwa nyaya za stima kama bendera za uhuru. Tuko hai. Mitchelle amepata mchumba, nitakueleza, ni kijana wa Dandora, ana adabu sana mpaka nina wasiwasi.

Sasa umenipata. Mimi ndiye nilikuwa kwa miwa.

Mimi nilifikiri ni Patrobas ametuma hiyo sahani. Mpaka nimemshukuru na nimemnunulia fulana, na yeye akapokea, mjinga, hakuniambia kitu! Basi nitamnyang'anya.

Nilikuja na basi ya asubuhi nikashukia mbali, nikapitia kwa mto. Nilitaka tu kuona akishuka. Nilikuwa nimepanga kulia polepole, lakini miwa iko na siafu, dada. Walinipanda kutoka kwa miguu mpaka mahali sitaandika kwa barua yenye inabebwa na ndugu yetu. Pasta akisema amina, mimi naruka. Akisema vumbi kwa vumbi, najichapa. Kama kuna mtu amewahi kucheza kwa mazishi bila kutaka ni mimi, kwanza simu ilicheza, halafu mwenyewe nikacheza. Lakini niliona sanduku. Niliona vile ulitupa mchanga na mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia Vivian alikuwa ameushika. Niliona.

Sahani iko. Nilibeba kwa sababu ningerudisha ungejua ni mimi. Nakulia kwa hiyo sahani, ni ya maua ya bluu. Usiulize kama imepata ufa.

Simu nimeipeleka kwa Ngui leo. Nimemwambia, Ngui, wewe umenivunjia familia. Akaifungua, akaangalia na ile miwani ya fundi wa saa, akasema, "Mama Mitchelle, hii kioo si yake." Nikamwambia najua, wewe ndiye ulifanya hiyo arusi. Anasema ataitoa, ataiosha ndani, ataweka ingine, nimwachie na laini ikae ndani ajaribu kama inashika mtandao. Nimemwachia. Sasa sina simu kabisa. Nimekaa hapa masikio baridi, na nimeanza kujua mambo ya watu kwa kuuliza, kama zamani, na ukweli ni kwamba inalipa zaidi.

Patrobas anasema mnawekea Luseno msalaba wa saruji mwezi wa nane, mkuu wa kanisa atakuja, watu wataitwa. Mimi sijaitwa. Dada, kwa miwa siwezi tena, wale siafu wananijua. Nataka kukaa kwa kiti, kando yako, kama mtu. Ukisema hapana nitakubali. Lakini sema.

Perez


Jericho
Jumamosi, 22 Juni 2024

Mama Vivian,

Salamu. Ni mwezi sasa. Patrobas ameenda huko mara nyingi na anarudi mikono mitupu, nikimuuliza anasema umemwambia huna barua. Nimemuuliza uso yako iko aje. Anasema iko imefungwa kama duka ya Jumapili.

Ngui alikaa na simu mpaka nikadhani ameioa. Amerudisha wiki iliyopita. Ameiosha ndani mpaka imesahau kila kitu, picha hakuna, majina hakuna, hata wewe umefutika, nimerudisha namba yako na kichwa yangu. Kioo ni ingine, ya kijani kidogo upande mmoja, lakini haijifinyi. Inafanya kitu ingine. Nikiongea na mtu inajizima nikifika penye utamu. Nadhani Mungu ameipanga hivyo.

Sitasema mengi. Sijui nilikosa nini tena. Nilisema ukweli wa siafu, nilisema ukweli wa sahani. Kama ni ile swali ya Luseno alijibu nini, wacha tu, usiandike. Nilikuwa nachokoza.

Mitchelle ananiuliza kama tunaenda mwezi wa nane, ashone nguo. Nimemwambia ashone, nguo haiozi.

Perez


Malava
Jumapili, 7 Julai 2024

Perez,

Salamu kwako na Mitchelle. Kijana wa Dandora mwulize baba yake ni nani kabla ya kuuliza adabu. Vivian yuko hapa wikendi hii, ndiye anatengeneza chai. Pressure imeshuka, daktari amenipunguzia dawa. Msalaba umemwagwa, unakauka, fundi amekosea tarehe ya kuzaliwa na ameirudia.

Sasa sikiza kwa nini nilinyamaza.

Ile barua yako ya siafu niliisoma jikoni. Niliisoma mara mbili. Halafu Jumapili, baada ya kanisa, tarehe mbili Juni, nikachukua simu, nikakufungulia, nikakupigia. Mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeketi kwa kiti cha Luseno. Ikalia mara mbili, ukanikatia. Nikasema labda yuko kwa mteja. Nikapiga tena. Ukanikatia, na hapo hapo ukaniandikia Kizungu.

Mimi Kizungu sijui, na wewe pia hujui, lakini niliona imeandikwa kwa ukali, fupi fupi. Nikasema haya, huyu sasa ananitukana kwa lugha ya watu. Nikakufungia tena. Nikamwambia Patrobas sina barua. Nilikasirika Juni yote. Nilikuwa nakamua ng'ombe kwa hasira mpaka hata yeye akaacha kupiga teke.

Jana usiku Vivian akachukua simu yangu kutafuta picha, akauona huo ujumbe. Akasoma. Akaniuliza, "Mama, tangu lini aunti Perez ana gari?"

Nikamwambia gari gani.

Akasema, "Amekuandikia hapa, samahani siwezi kuongea sasa, naendesha gari."

Perez. Wewe baiskeli ya baba ilikushinda. Uliingia nayo kwa boma ya ng'ombe ukatoka upande ule mwingine bila baiskeli. Wewe mkokoteni wa maji ulikushinda hapo Jericho, Luseno akaufuata mpaka kwa mtaro. Wewe ukiketi mbele kwa gari unashika mlango na mikono miwili. Nikajiuliza, huyu mwanamke anaendesha gari kwenda wapi? Kwa Kizungu?

Vivian akanieleza. Hayo maneno hukaa ndani ya simu tayari, yameandikwa na waliotengeneza, mtu anafinya tu yanaenda. Na tarehe mbili Juni, nikahesabu na barua zako, simu ilikuwa mezani kwa Ngui, imefunguliwa tumbo, wewe huna habari.

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka, Perez. Nilicheka mpaka Vivian akaogopa akaleta maji. Sikuwa nimecheka tangu Januari, nilikuwa nimesahau inauma mbavu. Simu yenye inaweza kusema wewe ni dereva, hiyo inaweza kusema chochote. Nimeamini.

Sasa Krismasi. Uliuliza alijibu nini. Sikuandika kwa sababu nilitaka kukasirika, na hilo jibu lilikuwa linanizuia. Ulisema utacheka. Yeye akatafuna kwanza, unajua vile alikuwa, akameza, akasema, "Basi ucheke kwa nguvu, ndio nijue umefika."

Ndivyo alivyosema. Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria.

Ibada ya msalaba ni Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Njoo Ijumaa. Utakaa kiti cha mbele, upande wangu wa kushoto, mama mkwe yuko wa kulia, usimchokoze. Lete sahani yangu. Hiyo simu usilete hapa kwangu, hata ikiwa imezimwa. Nimekufungulia laini lakini sitapiga, naogopa utaniambia uko kwa ndege.

Dada yako,
Annah


Ofisi ya basi, Nairobi
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Mama Vivian, dada yangu wa tumbo moja,

Najua nitakuona leo jioni. Lakini basi haijajaa, Patrobas anazunguka akiita watu, na nimezoea kukuandikia, mkono inawasha. Nitakupatia hii kwa mkono, usome nikiwa nimeketi hapo, niangalie uso yako.

Tuko wazima. Mitchelle yuko hapa kando amevaa nguo yake mpya, anakula mahindi ya kuchoma kwa uma ya nywele asichafue midomo. Kijana wa Dandora ametusindikiza na amebeba mizigo yote bila kuambiwa. Baba yake anaitwa Sylvance, ni fundi wa viatu, nimeuliza, nimeuliza na majirani, nimeuliza na mwenye duka wanakopea. Wako sawa. Ni huyo tu adabu inanitisha.

Nimebeba samaki kavu katoni moja, na unga, na sukari, na sahani. Sahani iko na ufa. Nimeifunga kwa ile leso ya njano.

Simu nimeachia Fadumo, auzie mtu mwenye hana jamaa. Laini nimetoa nikaweka kwa kale kasimu ka tochi, kale ka vifinyio, nimenunua kwa Ngui. Haina kioo ya kuguza, haina vichwa vya njano, haina grupu. Ngui akaniuliza, "Mama, sasa unarudi nyuma?" Nikamwambia ndio, pole pole, na nisikupate umesimama njiani.

Hiyo ya dereva imenimaliza. Sokoni wote wanajua. Nikipita wanabonyeza honi kwa mdomo. Mwenyekiti wa chama ameniuliza kama naweza kumpeleka Kitale. Nimemwambia aweke mafuta.

Sasa Annah, iko kitu moja nimekuwa nikizunguka nayo tangu barua ya kwanza, nakuchekesha na antena, nakuchekesha na siafu, sikuambii. Unajua mimi nikiwa na kitu ya kuuma naanza kuongea juu ya zipu ya watu. Ile barua yako, pale kwa "ndio nijue umefika", nilisoma nikiwa kwa kibanda na sikuweza kuambia hata Fadumo. Mimi. Fadumo aliniuliza mara tatu nina nini.

Ile asubuhi Mitchelle alikuja na habari, watu walisema sikulia. Ni kweli, pale mbele ya wateja sikulia. Nilikatia yule mama kichwa ya samaki, nikampakia, nikamrudishia chenji yake. Halafu nikamwambia Mitchelle asimamie, nikaenda nyuma ya vibanda, pale Luseno alikuwa anakaa juu ya kreti jioni akitoka kanjo, ananingojea nifunge ndio anibebee meza, zamani, kabla mrudi nyumbani. Kreti bado iko. Nikakaa juu yake, na vile nilikaa tu, nika

Ngoja. Patrobas anapiga kelele na jina yangu mpaka watu wote wamegeuka. Ati uko kwa simu yake. Ati unauliza nimepanda ama bado. Nimemwambia akuambie bado naandika.

Anasema umesema niache. Ati umechoka na kusoma mwandiko yangu, macho yako inauma, hiyo yenye nilikuwa nataka kusema nije niseme na mdomo, unataka kuisikia. Anasema nichukue simu, ananisukumia kwa sikio na mkono yangu bado iko na bi